Kutengana, Kutengwa na Kutenganishwa: Istilahi za Haki na Elimu katika Maandishi ya Kimarekani

Miongoni mwa maandishi yanayowasumbua wafasiri wetu ni yale yahusuyo elimu ya Marekani: hukumu za mahakama, taarifa za tume, na makala za wahakiki wa sera za shule. Maandishi hayo husomwa katika vyuo vya ualimu, hunukuliwa magazetini, na msamiati wake hujipenyeza katika nyaraka za wizara pamoja na miradi ya misaada. Ugumu wake hautokani na uhaba wa maneno ya Kiswahili. Hutokana na kwamba takriban kila istilahi iliyomo ni mali ya upande mmoja wa shauri ambalo halijaisha, na mfasiri achaguaye neno pasipo kulijua shauri lenyewe hujikuta ametoa hukumu kabla hajamaliza sentensi. Katika makala haya tunakusudia kueleza baadhi ya istilahi hizo na sababu za mapendekezo yetu.

Tuanze na kitenzi kimoja, kutenga, kwa kuwa humo ndimo yalimo makosa mengi.

Mwaka 1896, katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba sheria inaweza kuwatenga weusi na weupe mradi huduma zao ziwe sawa. (Tunasema Mahakama ya Juu, wala si Mahakama Kuu, kwetu Mahakama Kuu ina Mahakama ya Rufani juu yake.) Kesi ile ilihusu mabehewa ya garimoshi, lakini msingi wake ukatumika shuleni kwa zaidi ya nusu karne. Tarehe 17 Mei, 1954, majaji wote tisa wa mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka, walikata shauri kwamba katika elimu ya umma msingi huo hauna nafasi. Wakati huo majimbo 17 yalikuwa na sheria zilizolazimisha shule za watoto weusi ziwe mbali na za weupe. Kansas, uliko mji wa Topeka, haikulazimisha bali iliruhusu tu.

Hali iliyokomeshwa na hukumu ile tumeikuta katika tafsiri zetu ikiitwa ‘utengano’. Neno hili kila mwanafunzi wa shule ya msingi analijua, kwa kuwa amefundishwa kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Lakini na tuliangalie vizuri. Utengano hutokana na kutengana, na kiambishi -an- hueleza jambo watendanalo watu wao kwa wao. Waliotengana ni kama mke na mume walioachana au ndugu waliogawana shamba: kila mmoja ana sehemu yake katika tendo, na methali inawalaumu wote pamoja. Watoto wa Topeka hawakutengana. Walitengwa, kulikuwa na sheria, na bodi iliyoitumia, na ofisa aliyeandika majina. Kiswahili kina kiambishi cha kutendwa kwa ajili ya jambo kama hili, na kina pia kitenzi kutenganisha, ambacho hudai mtendaji. Kwa hiyo tunapendekeza kitendo cha mamlaka kiitwe utenganishaji, na shule zenyewe ziitwe shule zilizotenganishwa, si shule zilizotengana.

Msomaji aweza kudhani kwamba hapa tunapasua unywele. Na aifikirie kesi ya Detroit. Mwaka 1971 Jaji Stephen Roth wa mahakama ya chini aliona kwamba serikali, katika ngazi zake mbalimbali, ilishiriki kuwafungia weusi ndani ya mji huo, na baadaye akaagiza mpango wa kuwagawa upya wanafunzi wa Detroit pamoja na wale wa maeneo 53 ya shule ya vitongoji vya jirani. Mwaka 1974, katika kesi ya Milliken dhidi ya Bradley, Mahakama ya Juu iliutengua mpango huo kwa kura tano dhidi ya nne. Jaji Potter Stewart, aliyekuwa upande wa walioshinda, alieleza kwamba wingi wa wanafunzi weusi mjini Detroit ulitokana na mambo yasiyojulikana, na pengine yasiyoweza kujulikana. Sentensi yake haina mtendaji. Jaji Thurgood Marshall, ambaye miaka ishirini kabla ya hapo alikuwa wakili wa wazazi katika kesi ya Brown, aliandika hoja ya kupinga.

Wanasheria wa Marekani hutumia maneno mawili ya Kilatini kutofautisha utenganishaji uliowekwa na sheria na ule uliotokea tu kwa namna watu wanavyoishi. Kwa muda mrefu mahakama zilishughulikia wa kwanza na kuuacha wa pili. Wahakiki, na hasa mwandishi Richard Rothstein katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu makazi na rangi, wamesema kwamba huo wa pili ni jina tupu: idara ya serikali iliyoundwa mwaka 1934 kudhamini mikopo ya nyumba ilikataa mitaa ya weusi, ramani za serikali zilipaka mitaa hiyo wino mwekundu, na mahakama zilitekeleza mikataba iliyokataza kuwauzia weusi nyumba mpaka zilipozuiwa mwaka 1948. Mtoto husoma karibu na kwao. Aliyepangiwa pa kukaa amepangiwa na pa kusoma.

Sasa mfasiri afanyeje? Rai yetu ni kwamba asimsahihishe jaji wala asimlegeze mhakiki. Pale mwandishi anaposema kwamba mambo yalitokea tu, neno utengano ni sahihi kabisa, na msomaji wa Kiswahili atauona mara moja udhaifu au uimara wa hoja. Pale mhakiki anaposema kuna aliyetenda, mfasiri aandike kutenganishwa, hata kama mtendaji hakutajwa katika sentensi ile. Lugha yetu inalazimisha uchaguzi ambao Kiingereza huweza kuukwepa, na hii ni faida kwetu wala si hasara.

Isitoshe, jambo lenyewe si geni hapa. Hadi mwisho wa mwaka 1961 shule za Tanganyika zilikuwa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila aina na bajeti yake. Sheria ya Elimu ya mwaka huo, iliyoanza kutumika Januari 1962, ndiyo iliyoleta mfumo mmoja. Wazee waliosoma wakati ule hawasemi ‘tulitengana na Wahindi’. Husema ‘tulitengwa’, na baadhi yao husema ‘tulibaguliwa’, ambalo ni neno kali zaidi kwa kuwa huongeza dharau juu ya kutengwa. Ubaguzi na utenganishaji visichanganywe: mtu aweza kubaguliwa ndani ya darasa moja na mbaguzi wake.

Kinyume cha utenganishaji nacho kina mitego. Wengi huandika ‘shule za mchanganyiko’, bila kukumbuka kwamba kwa mwalimu yeyote wa Tanzania shule ya mchanganyiko ni ile yenye wavulana na wasichana. Lakini hilo ni dogo. Kubwa zaidi ni kwamba Kiingereza kina maneno mawili hapa: moja la kuondoa kizuizi, na jingine la kuwafanya waliokuwa mbali wawe jamii moja. Kizuizi chaweza kuondolewa kwa siku moja. Jamii moja haipatikani kwa amri. Kwa la kwanza tunapendekeza kukomesha utenganishaji, na kwa la pili kuunganisha. Tunatahadharisha tu kwamba kuunganisha hudai pande mbili zenye kuheshimiana. Katika miji mingi ya kusini mwa Marekani baada ya mwaka 1954 shule iliyofungwa ilikuwa ya weusi, mwalimu aliyeachishwa kazi alikuwa mweusi, na mkuu wa shule mweusi alifanywa msaidizi wa mweupe. Mwandishi aelezapo mambo hayo, shule zile hazikuunganishwa. Zilimezwa, na mfasiri asione haya kulitumia neno hilo.

Mashaka kuhusu muungano wa namna hiyo ni ya zamani kuliko hukumu yenyewe. W. E. B. Du Bois, katika makala ya mwaka 1935, alishikilia kwamba mtoto mweusi hahitaji shule ya peke yake wala shule ya pamoja kwa ajili ya upamoja tu. Ahitajicho ni elimu. Wakili Derrick Bell, aliyewahi kusimamia kesi nyingi za shule, aliandika mwaka 1976 kwamba mawakili walikuwa wakipigania uwiano wa rangi madarasani ilhali baadhi ya wazazi waliowawakilisha walitaka shule bora pale pale walipo. Mwaka 1980 aliongeza hoja iliyompatia sifa na maadui: kwamba weusi hupata haki zao pale tu masilahi yao yanapokutana na masilahi ya weupe, na kwamba hukumu ya 1954 ilikuja wakati Marekani ikihitaji jina jema mbele ya mataifa katika vita baridi. Istilahi yake tumeikuta ikiandikwa ‘mwafaka wa masilahi’. Hilo silo. Mwafaka hufikiwa na watu waliokaa wakazungumza, na Bell asemi kwamba kuna waliozungumza. Tunapendekeza makutano ya masilahi, kama njia mbili zikutanavyo kisha kila moja ikaenda zake.

Hapa yafaa tutaje pia agizo la mwaka 1955, lililofuata hukumu ya Brown na kueleza itekelezwe kwa kasi gani. Mahakama iliunganisha haraka na tafakuri katika maneno machache yanayovutana. Mfasiri anaweza kushawishika kuingiza ile methali yetu ya haraka na baraka, na sentensi ikasikika vizuri sana. Lakini atakuwa amewabariki wacheleweshaji. Wilaya ya Prince Edward, jimboni Virginia, ilitafakari kwa namna yake: ilizifunga shule zote za umma tangu 1959 hadi 1964, watoto weupe wakasoma katika shule ya binafsi iliyosaidiwa kwa fedha za umma, na watoto wengi weusi wakakosa shule kwa muda wote huo. Sisi tungeandika ‘kwa haraka ipasayo’, maneno yanayoteleza kama yale ya asili.

Tumeandika ‘Wilaya ya Prince Edward’, na ni sawa, kwa kuwa hiyo ni sehemu ya utawala kama wilaya zetu. Lakini Marekani wana kitu kingine, ambacho wafasiri wengi hukiita ‘wilaya ya shule’, na jina hilo limewapotosha wasomaji kuliko lolote jingine tuliloliona. Kwetu wilaya hupata fedha za walimu kutoka serikalini, na mtumishi wa serikali asomapo habari za wilaya ya shule hufikiri hivyo hivyo. Huko, eneo la shule huwa kwa kawaida na bodi iliyochaguliwa na wakazi, na sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na kodi ya majengo na ardhi ya eneo hilo. Penye nyumba za thamani pana shule zenye fedha.

Ushahidi wake ulitolewa katika kesi ya San Antonio dhidi ya Rodriguez, iliyoamuliwa mwaka 1973. Katika mwaka wa shule 1967/68 eneo la Edgewood, mjini San Antonio, jimboni Texas, ambalo wakazi wake walikuwa hasa watu wenye asili ya Meksiko, lilitoza kodi ya dola 1.05 kwa kila dola 100 za mali. Baada ya kutoa mchango wake wa lazima katika mpango wa jimbo, lilibakiwa na dola 26 kwa kila mwanafunzi. Alamo Heights, eneo la matajiri katika mji huo huo, lilitoza dola 0.85 tu, likapata dola 333. Fedha zote za jimbo na za taifa zilipojumlishwa, mtoto wa Edgewood alikuwa na dola 356, na wa Alamo Heights dola 594. Waliojitoza zaidi ndio waliopata kidogo. Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba Katiba ya nchi haikuvunjwa. Mfasiri anayeandika ‘wilaya’ katika habari hii huifanya isieleweke. Msomaji atauliza Wizara ilikuwa wapi. Andika eneo la bodi ya shule, au kwa ufupi eneo la shule, na ueleze habari ya kodi mara ya kwanza neno litokeapo.

Kesi hiyo yatupeleka kwenye neno usawa, ambalo limebebeshwa mzigo wa maneno mawili. Kuna usawa wa kumpa kila mtu kipimo kile kile, na kuna uadilifu wa kumpa kila mtu kadiri ya haja na hasara yake. Sera za elimu za Marekani hubishaniwa hasa katika nafasi iliyopo kati ya hayo mawili, na tafsiri inayoandika usawa kwa yote mawili huwafanya wabishani waonekane wanasema jambo moja. Kwa la pili tunapendekeza insafu. Ni neno la zamani katika Kiswahili, ingawa shuleni halisikiki sana, na asili yake ya Kiarabu ni moja na ya nusu: mwenye insafu ni yule ampaye mwenzake sehemu imstahiliyo. Tunajua kwamba baadhi ya walimu watalipinga kwa ugeni wake. Lakini istilahi ngapi zilizo vinywani mwa watu leo zilikuwa ngeni siku ya kwanza?

‘Upendeleo’ ni neno jingine linalotoa hukumu. Hutumika kwa hatua za kuwatafutia nafasi vyuoni watu wa makundi yaliyozuiliwa zamani, na kwa Mswahili upendeleo ni kosa la mjomba aliyempa mpwa wake kazi. Chuo cha utabibu cha Davis, California, kilikuwa kimetenga nafasi 16 katika 100. Mwaka 1978, katika kesi ya Bakke, utaratibu huo wa idadi maalumu ulikatazwa, lakini vyuo vikaruhusiwa kuifikiria rangi kama jambo moja kati ya mengi, na ruhusa hiyo nayo kwa sehemu kubwa iliondolewa mwaka 2023. Tukiwa na viti maalumu katika Bunge letu, hatukosi mfano wa neno lisilotukana wala kusifu: hatua maalumu.

Wahakiki wenyewe nao hubadili maneno ili kubadili swali. Kwa miaka mingi tofauti ya alama za mitihani kati ya watoto weupe na weusi iliitwa pengo la ufaulu. Mwaka 2006 Gloria Ladson-Billings, akihutubia wataalamu wa utafiti wa elimu, alisema pengo ni kama nakisi ya bajeti ya mwaka mmoja, ilhali lililopo ni deni lililolimbikizwa tangu siku za utumwa, deni la historia, la uchumi, la siasa na la maadili. Hapa mfasiri hana kazi ngumu. Pengo halina mwenyewe, deni lina mdai na mdaiwa, na Waswahili walikwisha kusema dawa yake ni ipi. Tunachoomba ni kwamba deni la elimu lisilainishwe kuwa ‘upungufu’.

Mageuzi ni shida ya namna nyingine. Tangu taarifa ya tume ya taifa ya mwaka 1983 iliyodai kwamba nchi imo hatarini kwa ubovu wa shule zake, ‘mageuzi ya shule’ huko Marekani yamekuwa jina la kambi: mitihani ya kila mwaka iliyoshurutishwa na sheria iliyotiwa sahihi mwaka 2002, adhabu kwa shule zisizofaulu, na shule za mkataba, yaani zinazoendeshwa na bodi za binafsi kwa fedha za umma, ambazo sheria yake ya kwanza ilipitishwa Minnesota mwaka 1991. Mjini New Orleans, baada ya kimbunga cha Katrina cha Agosti 2005, shule nyingi zilichukuliwa na jimbo, hatimaye karibu zote zikawa za mkataba, na watumishi zaidi ya 7,000, wengi wao weusi, wakaachishwa kazi. Wanaounga mkono huonyesha alama zilizopanda. Wanaopinga huuliza ni nani aliyegeuza na ni nani aliyegeuzwa. Neno mageuzi kwetu lina sifa njema, na tangu miaka ya 1990 lina harufu ya siasa za vyama vingi. Linapokuwa jina la kambi hiyo, liandikwe na lielezwe. Linapokuwa na maana ya kurekebisha tu, marekebisho yatosha.

Yamebaki mawili. La kwanza ni fupi: nadharia iliyokua kutokana na kazi za Bell na wenzake, na ambayo tangu mwaka 2021 majimbo kadhaa yametunga sheria za kuizuia madarasani, tumeiona ikiitwa ‘nadharia muhimu ya rangi’. Kiingereza hutumia neno moja kwa jambo zito na kwa kazi ya kuchambua, na mfasiri ameshika tawi lisilo lake. Iitwe nadharia hakiki.

La pili ni hilo neno rangi. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu jimbo la Mississippi kumzuia Martha Lum, msichana wa Kichina, asisome katika shule ya weupe, kwa kuwa sheria ya jimbo ilimhesabu miongoni mwa ‘watu wa rangi’. Rangi hiyo haikuwa ya ngozi. Ilitengenezwa na sheria, na ndivyo wahakiki wanavyosema juu ya jambo zima. Baadhi ya wataalamu wamependekeza mbari, lakini kwa wengi mbari ni ukoo, na ukoo ni jambo la damu, ndiyo maana ile ile wanayoikataa wahakiki. ‘Ubaguzi wa rangi’ limekwisha kukaa na hatudhani litaondoka. Kwa dhana yenyewe bado hatujaona neno la kuridhisha, na wasomaji walio nalo, hasa walimu wa historia, watuletee pamoja na sentensi mbili tatu za mfano.